Kituo 4417 Kimeitikia

1

Zilikuwa zimebaki dakika nne Mwenyekiti Shemahonge apande jukwaani, na Sabas Rweyendera alikuwa bado anapekua mifuko akitafuta peremende ya tangawizi. Bila peremende Sabas hachambui. Miaka kumi na moja tumekaa meza moja, nikazijua peremende zake kuliko ninavyozijua fikra zake, na sioni kama nimepoteza kitu.

"Ulizimaliza jana, ndugu yangu," nikamwambia.

"Jana ilikuwa hotuba ya Katibu. Ile ningeisinzia tu. Leo ndiyo leo, Hosiana."

Ilikuwa Jumatano, siku ya tatu ya mkutano mkuu wa chama cha Ustawi mjini Dodoma, na siku ya tatu tangu tufungiwe. Wachambuzi wa Mwitikio hufungiwa kuanzia Jumapili jioni. Simu zinachukuliwa, chumba hakina dirisha, chakula kinapitishwa kwenye kitundu ukutani. Sababu yake inapendeza ukiisikia mara ya kwanza: anayeisoma mioyo ya wananchi hatakiwi kuwa na habari zao. Hata majina ya vijiji hatupewi. Tunapewa namba za vituo, na namba zenyewe hubadilishwa kila mkutano.

Kura ya karatasi niliiona mara moja tu, makumbusho, nikiwa darasa la nne. Mwalimu alituonyesha sanduku lenye tundu juu, tukacheka. Sisi hatupigi, tunaitikia. Kila mtu mzima ana kidani shingoni, chuma chembamba chenye ukubwa wa kifungo cha koti, na hakivuliwi. Hotuba ya mkutano mkuu inapotolewa, kila mtu anaisikia kwenye kidani chake kwa sauti ya Mwenyekiti mwenyewe, ila inazungumza na yeye peke yake. Mkulima wa pamba anatajiwa pamba. Mama mjamzito anaulizwa hali ya mgongo. Wakati huohuo kidani kinamsikiliza yeye: anavyojibu, anavyopumua, moyo unavyokwenda. Kituo kikifikisha sitini kwa mia, ibara hiyo imepita mahali hapo, na kinachofuata ni utekelezaji.

Lakini mashine ina ujinga wake. Inajua moyo umekwenda mbio, haijui kama ni kwa furaha au kwa hasira. Kituo kikiwa na utata, sheria inataka binadamu aseme. Binadamu huyo ni sisi. Tunaletewa kwenye kioo mkunjo wa kituo, yaani mstari wa mioyo na pumzi zao, tunasikilizishwa sauti zao kwa sekunde kumi, kisha tuna sekunde thelathini za kutamka, hewani, nchi nzima ikitusikia. Hotuba waliyoisikia wao hatuijui. Tunachosikia sisi ni kile tunachokiita mfupa, hotuba tupu kabla haijavishwa nyama ya kila msikilizaji.

Mfupa wa siku ile ulikuwa mzuri. Shemahonge anajua kusema, tumpe haki yake. Ibara sita zikapita kama maji. Ikaja ya saba: vijiji vidogo vya nyanda za juu vihamishiwe tambarare, kwenye nyumba za matofali na maji ya bomba, na ardhi ipandwe misitu ya kusafisha hewa kwa ajili ya nchi zilizokwisha kuchafua ya kwao.

Vituo vikaanza kushuka kwenye kioo. Sabas akasoma vitatu, mimi viwili. Kisha kikaja 4417.

Ulikuwa mkunjo wa ajabu. Sauti za kukubali zilikuwa tisini na sita kwa mia, jambo ambalo halijawahi kutangazwa hata kwa kituo cha nyumbani kwa Mwenyekiti. Lakini mioyo ilikuwa chini, pumzi zinakatikakatika, na alama ya machozi imejaa hadi ukingoni. Mashine ikaandika: UTATA.

Nikawekewa sauti. Walikuwa wanawake wengi kwa pamoja, wakiitikia "Naaam," ndefu, inayoshuka mwishoni kama mtu anayetua mzigo. Nyuma yao kulikuwa na mtu anakohoa. Kitu kikanigusa hapa, chini ya koo. Kilinigusa, nakiri. Kisha saa ikaanza kuhesabu thelathini kurudi nyuma, na mimi nikafanya kazi yangu.

"Haya ni machozi ya watu walioamua," nikasema kwenye kinasa sauti. "Wanalia kwa sababu wanaacha kitu wanachokipenda, na wanakiacha kwa hiari, kwa ajili ya nchi. Ndugu wasikilizaji, nimesoma vituo kwa miaka kumi na moja, sijawahi kusikia naam iliyotoka mbali kiasi hiki. Kituo 4417 kimeitikia."

Sabas akapiga meza kwa kiganja. "Umeua, dada!"

Nilijisikia vizuri. Siwezi kusema uongo juu ya hilo. Nilijisikia vizuri sana.

2

Alhamisi asubuhi tukarudishiwa simu. Wasichana wa mapokezi walikuwa tayari wananiita Mama Machozi, na mmoja alinionyesha kanga iliyochapwa usiku uleule: MACHOZI YA WALIOAMUA, kwa herufi nyekundu kwenye pindo. Nikacheka naye huku nikiwasha simu.

Ujumbe thelathini na mmoja, na wote umetoka kwa kaka yangu Kastori. Wa kwanza, Jumatatu mchana: Baba kazidiwa kifua. Wa tano: Hosi, pokea simu. Wa kumi na mbili: Baba ametutoka. Wa mwisho, Jumatano adhuhuri: Tumemzika saa tano. Mama anakuulizia kila anayeingia.

Nikamwacha yule binti na kanga yake, nikaenda kutafuta gari la Njombe.

Nilifika Mgodelwa Ijumaa saa nne asubuhi. Kwetu ni juu, nyuma ya Njombe, mahali ambapo ukungu huondoka ukipenda wenyewe, na siku hiyo haukupenda. Nililisikia kaburi la Baba kabla sijaliona, harufu ya udongo mbichi na maua ya miti ya miwati yaliyolowa. Nikapiga magoti hapo, sijui kwa muda gani. Kisha nikaingia jikoni, wanawake walikokuwa wameketi kwenye mikeka wamejifunika mablanketi, moto katikati, na Mama akanipokea kifuani kwake kama mtoto mdogo. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alijua nimefungiwa, nchi nzima inajua wachambuzi hufungiwa.

"Ulikuwa kazini, mwanangu," aliwaambia wenzake, kana kwamba kuna aliyebisha. "Hawa wanafungiwa. Hawaambiwi kitu hata dunia ikiwaka moto."

Wakanisogezea kigoda changu, kile kifupi cha mguu uliopasuka ambacho Baba alikifunga kwa waya nikiwa na miaka saba. Nikakaa. Nikalia. Wakanipa chai na viazi vya kuchemsha, wakanisimulia mazishi kuanzia mwanzo, maana ndivyo aliyechelewa anavyofutwa machozi: anapewa msiba wote, asikose hata kipande.

"Na watu walijaa," akasema Mama. "Hata Mwenyekiti mwenyewe alitupa pole."

"Mwenyekiti gani?"

"Huyo wenu wa Ustawi. Tumetoka makaburini, tumekaa hapahapa, mara vidani vikaita. Akaanza, kwetu sote neno moja, 'Poleni sana wana Mgodelwa kwa msiba wa mzee wetu Augustino Mtewele.' Alimtaja kwa jina, Hosi! Akataja na mizinga yake ya nyuki. Watu wote wakaangua kilio upya."

Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Mkamjibu nini, Mama?"

"Mtu anakupa pole unamjibuje? Tuliitikia. Akisema neno, tunasema naam. Akinyamaza, naam."

"Na alipofika kwenye kuhama?"

Mama akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Alisema. Tulimsikia. Maneno ya kipumbavu kabisa, eti tukaishi kwenye joto huko chini. Lakini mtu yuko matangani kwako, bado hajamaliza maneno yake, utamkatiza ubishane naye? Mbele ya kaburi bichi? Tukaitikia ili amalize. Matanga yakishaondolewa wazee wangekaa wamjibu kwa utaratibu. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Tungemjibu vizuri tu," akadakia Mama Tulizo, jirani yetu, huku akikohoa. "Mimi nilishaanza kuyapanga maneno yangu."

Kikohozi kile nilikuwa nimeshakisikia. Sekunde kumi, kwenye spika za chumba kisicho na dirisha.

Kastori alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipa pole. Alisema tu, "Njoo nikuonyeshe kitu," nikamfuata kwenye ukungu hadi ofisi ya kijiji. Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi yenye muhuri wa Baraza la Mwitikio. Kituo 4417, Mgodelwa. Ibara ya saba: imepita. Wakazi wawe wameondoka ndani ya siku tisini. Na chini kabisa, kwa herufi za mlazo, palikuwa na tamko la mchambuzi lililoihalalisha.

Kaka yangu akaweka kidole juu ya karatasi. Ana vidole vya Baba, vinene, vyenye makovu ya nyuki.

"Haya maneno ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu."

"Yule aliyekuwa analia ni Mama, Hosi. Ulimsikia Mama analia, ukasema ameamua."

3

Pingamizi huwekwa ndani ya siku saba. Jumamosi Kastori na mimi tulizunguka nyumba kwa nyumba, tukawaita watu ofisini, mahali panapokaa kisomi cha Msajili wa Baraza. Ni kisanduku kilichofungwa ukutani chenye swali moja na nafasi ya jibu moja. Ukikanusha, na kidani chako kikithibitisha kwamba husemi uongo, mwitikio wako unafutwa. Tulihitaji thelathini na saba tu wakanushe, ili kituo kishuke chini ya sitini. Kwa kijiji cha watu wazima mia moja, nilidhani kazi imekwisha.

Mama akawa wa kwanza, kwa sababu ndiye mfiwa. Alijifunga kitenge upya, akakisogelea kile kisanduku kwa heshima, akaamkia.

"Je, uliitikia hotuba ya Mwenyekiti?" kikauliza.

"Ndiyo, baba. Niliitikia."

"Mama!" Nikamvuta pembeni. "Sema hukuitikia!"

"Lakini niliitikia."

"Uliitikia pole. Hukuitikia kuhama."

"Hakikuuliza hivyo, mwanangu. Kimeuliza kama niliitikia. Mtu amekuja msibani kwangu amenipa pole, leo nisimame niseme sikumjibu? Mume wangu hata wiki hajamaliza ardhini, nianze kusema uongo?"

Nilibishana naye hadi sauti ikanikauka. Nikaomba kisomi kibadilishiwe swali, kikajibu kwamba hakina swali jingine. Mama Tulizo akaingia na hotuba yake ya kumjibu Mwenyekiti, ndefu, yenye matusi mawili ya Kibena, na mwisho wake kisomi kikauliza tena, "Je, uliitikia?" naye akasema, "Niliitikia, lakini..." Kisanduku kikazima taa kwenye neno la kwanza. Waliofuata walikuwa hivyohivyo. Vijana wanne walijaribu kukanusha kama tulivyowafundisha, na vidani vyao vikawaka vyekundu, vikawasaliti palepale, maana hata wao waliitikia, walilelewa na mama hawahawa.

Hadi jioni tulikuwa na sifuri. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikawatazama watu wangu wakirudi nyumbani kwao kwa upole, wamesema kweli wote, wamejiuza wote. Nilitaka kuwapigia kelele. Nilitaka kumpigia kelele Baba pia, aliyenifundisha kuitikia kabla sijajua kutembea.

Jumatatu nilikuwa Dodoma, mbele ya Msajili wa Baraza, Bi. Saumu Kihiyo. Ni mwanamke mkavu, mwenye miwani ya kamba, anayeongea polepole kwa sababu kidani chake nacho kinasikiliza.

"Dada Hosiana, pole kwa msiba."

"Asante," nikasema, na nikajisikia nikiitikia.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu cha kanuni, cha karatasi, kilichochakaa pembe.

"Kwamba walikuwa msibani, hilo halina kifungu. Kwamba heshima si kukubali, hilo likiingia humu, hakuna kituo kimoja nchi hii kitakachosimama. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Nalijua."

"Basi kwa upande wa wananchi mlango umefungwa." Akageuza ukurasa, akaweka kidole mahali, akatazama dirishani. "Upande wa mchambuzi ndio unaobaki. Kanuni ya kumi na tisa. Mchambuzi akikitambua kituo, akaendelea kukisoma bila kujitoa, somo lake ni batili. Na kituo kisichosomwa hakijaitikia. Kinasubiri mkutano mkuu mwingine, baada ya miaka mitano."

"Sikukitambua, Bi. Saumu."

"Sijasema ulikitambua. Nakusomea kitabu." Aliivua miwani yake, akaikunja. "Ila atakayetamka hivyo anatamka hewani, kama alivyosoma. Anaeleza alimtambua nani, alijua nini, na kwa nini hakujitoa. Nchi inamwitikia. Kisha leseni inachukuliwa. Na baadaye, akionekana amekula njama, au akisikika mahali popote akisema alidanganya, somo linarudi kama lilivyokuwa. Mahali popote. Hata chumbani kwa mama yake."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumba ya wageni. Nilielewa vizuri sana alichonipa. Ili Mgodelwa ibaki, ilibidi nisimame mbele ya nchi nzima niseme nilijua. Kwamba Jumatano ile nilisikia kilio cha mama yangu, nikatambua kuna msiba nyumbani, na nikachagua kiti changu na sifa zangu. Mtoto aliyekosa kumzika baba yake kwa sababu alifungiwa, kwetu anahurumiwa. Aliyejua akakaa, huyo hana jina. Nimewahi kumwona mmoja nikiwa mdogo, mzee fulani wa upande wa pili wa bonde. Watu walimsalimia vizuri tu. Hakuna aliyewahi kula kwake.

Nisingeweza kumnong'oneza Mama ukweli, kidani kingesikia. Nisingeweza kumwandikia, kwa sababu Mama husoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi kwenye gunia la mbolea.

Lakini si hilo lililoninyima raha. Nilijaribu kuikumbuka ile sekunde, pale kitu kiliponigusa chini ya koo, kabla saa haijaanza kuhesabu. Nilijaribu kuapa kwamba sikujua. Sikuweza kuapa. Kidani kinapima uongo, na mimi nilikuwa naogopa kwamba nikisema "nilijua," hakitaona kitu cha kupinga.

4

Jumanne saa kumi alasiri walinikalisha kwenye meza yetu, upande wa pili, mahali wanapokaa watu wa kuhojiwa. Sabas ndiye aliyewekwa anihoji. Alikuwa na peremende mdomoni na macho mekundu.

"Dada Hosiana Mtewele, umeomba kutamka kwa kanuni ya kumi na tisa. Kituo gani?"

"Kituo 4417."

Mkono wake ukasimama juu ya meza. "Ulikitambua?"

"Nilikitambua."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa naam. Kwetu wanaivuta, halafu wanaishusha. Ni Mgodelwa. Nimezaliwa pale. Na kulikuwa na mtu anakohoa, namjua. Na mama yangu alikuwa analia."

"Ulijua kwa nini analia?"

Hapa ndipo nilipopiga moyo konde. Mbele yangu, kwenye kioo, mkunjo wa nchi nzima ulikuwa umetulia ukinisubiri.

"Kwetu wanawake hawalii pamoja namna ile isipokuwa kuna maiti. Baba yangu alikuwa mgonjwa nilipoingia humu. Nilijua ni yeye. Ningeinua mkono, mlango ungefunguliwa, ningewahi matanga. Sikuinua. Nilikuwa na sekunde thelathini na maneno mazuri yamenijia, nikaona nisiyapoteze."

Kidani changu kikabaki kijani. Hakikupinga hata neno moja. Nilikiinamia kukitazama, nikatamani kiwake chekundu.

Sabas aliitoa peremende mdomoni, akaiweka juu ya karatasi. Alikuwa rafiki yangu, na alikuwa mchambuzi, na nchi ilikuwa ikimsikiliza. "Ndugu wasikilizaji," akasema, "nimekaa na mtu huyu miaka kumi na moja. Nilidhani nimekaa na binadamu."

Mkunjo ukapanda. Sijawahi kuona hasira safi namna ile. Haikuwa na utata hata chembe, isingehitaji mtu wa kuisoma. Pwani, ziwani, mijini, vituo vikawaka kimoja baada ya kingine. Wachambuzi wa stesheni nyingine wakaanza kuingia hewani na maneno yao. Mmoja aliniita jiwe. Mwingine, mwanamke mwenye sauti tamu ambaye niliwahi kumfundisha kazi, alisema hivi ndivyo sifa zinavyokausha damu ya mtu. Ilikuwa sentensi nzuri. Ningekuwa mimi ningeisema vilevile.

Nikamwomba fundi aniwekee 4417. Ni haki ya mtamkaji. Akaniwekea.

Kilikuwa kimya. Watu mia moja, hakuna anayesema neno, pumzi zimeshikwa. Mioyo ilikwenda taratibu. Machozi hayakuwepo. Nikasogea karibu na kioo nikitafuta mkunjo mmoja tu ndani ya ile mia, kama mtu anayetafuta uso kwenye picha ya harusi, lakini mashine haitenganishi watu. Ule mstari ulilala hivyo mpaka saa ikaisha.

Bi. Saumu akasoma uamuzi hewani. Somo la kituo 4417 ni batili. Ibara ya saba haijaitikiwa. Nikavua beji ya uchambuzi, nikaiweka kando ya peremende ya Sabas.

5

Nilikwenda Mgodelwa baada ya mwezi, ukungu ukiwa umeondoka. Ofisini walikuwa wameibandua ile karatasi, zikabaki alama nne za gundi. Viazi vilikuwa vimeota kila mahali. Watu nilioonana nao njiani walinisalimia wote, "Kamwene," nami nikaitikia, "Kamwene," na hakuna aliyesimama.

Kastori alikuwa kwenye mizinga. Aliniona, akashusha wavu usoni, akaendelea na nyuki wake.

Mama alikuwa jikoni. Alipoona kivuli changu mlangoni alinyanyuka, akafuta mikono.

"Karibu," akasema. "Pita sebuleni."

"Nakaa hapahapa, Mama. Penye moto."

"Hapana, hapa kuna moshi. Pita sebuleni."

Akatangulia. Akavuta kiti kile kikubwa chenye kitambaa alichokishona mwenyewe kwa uzi wa bluu, kiti cha mchungaji, kiti cha mtendaji wa kata, akakipangusa ingawa hakikuwa na vumbi. Nikakikalia. Kitambaa kilikuwa kimenyooshwa kwa pasi. Kupitia mlango nilikiona kigoda changu kando ya moto, kimewekewa sufuria juu.

Akaniletea chai kwenye kikombe chenye kisosi. Akaketi mbali kidogo, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri mgeni aseme kilichomleta.

"Safari ilikuwa nzuri," nikasema.

"Naam."

"Naona viazi vimekubali mwaka huu."

"Naam."

Nilitaka kumwambia. Mungu anajua, maneno yalinifika kwenye meno. Nikaviona viazi vyake dirishani, na kaburi la Baba limeshaota majani, na kile chuma chembamba shingoni kwake kikisikiliza, nikayameza.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

Hakunikatiza. Aliniacha niseme yote, juu ya Baba, juu ya ile Jumatano, juu ya miaka niliyokaa mjini. Kila nilipotua, aliitikia. Hakuharakisha, hakukunja uso, hakuna neno langu hata moja lililoanguka chini. Naam. Naam. Ndefu, ikishuka mwishoni. Na kila alipoitikia, kidani chake kiliwaka kijani kwenye giza la sebule, thabiti kabisa, bila utata.